Betri ya Nyambizi: Amua Kwanza Itakaa Wapi

Kijana mmoja wa Malindi ameniandikia kwamba amekwisha kuchomelea mwili wa nyambizi yake ya mtu mmoja, na sasa anataka kununua betri mbili za gari zilizotumika, kwa kuwa bei yake ni nafuu, aziweke chini ya kiti. Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba asizinunue. Wengine wenye hamu kama yetu, ya kushuka baharini kwa chombo walichokiunda kwa mikono yao, wana haki ya kujua sababu.

Chombo changu kilikuwa juu ya magogo ufukoni mwa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, kando ya mashua iliyokuwa ikitiwa kalafati. Chini ya kiti nilikuwa na betri mbili za maji za volti 12, nilizouziwa na mfanyabiashara aliyeapa kwamba ni za sola, kumbe ni za gari zilizobandikwa karatasi mpya. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa maana betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi tu, na ukiimaliza chaji mara kwa mara sahani zake za risasi huharibika upesi. Usiku ule wa kusi kulikuwa na manyunyu, nikafunga kifuniko cha chombo na kuiacha chaja ikifanya kazi mpaka alfajiri. Asubuhi nilifungua, nikaingiza mkono na kung'oa kibanio cha chaja kabla ya kuzima umeme. Ilitoka cheche ndogo, na betri moja ikapasuka kwa kishindo kilichowatoa watu majumbani.

Asidi ilinirukia shingoni na begani. Fundi mzee aliyekuwa kwenye mashua alinijia mbio na dumu la maji. "Usijifute, mwanangu, inama," alisema, akanimwagia dumu zima, kisha la pili. Kikoi changu kilionekana kizima siku ile, lakini kilipofuliwa kikatoka na matundu kama chandarua.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Betri ya risasi ikishajaa, kila amperi moja inayoendelea kupita kwa saa moja hutoa karibu lita 0.42 za hidrojeni katika kila seli. Betri zangu mbili zina seli 12, na chaja ilikuwa ya amperi 6; hizo ni lita 30 kwa saa. Chombo kina hewa lita 800, na hidrojeni huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, yaani lita 32. Saa moja na dakika chache zilitosha, nami niliiacha usiku kucha. Nilisalimika kwa sababu gesi hiyo ni nyepesi, ikapaa nilipofungua kifuniko, ikalipuka ile tu iliyokuwa imebaki ndani ya betri. Haina harufu wala rangi, kwa hiyo usijidanganye kwamba pua itakuonya.

Na hiyo ni nchi kavu. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri ya asidi huzalisha klorini, gesi inayochoma mapafu. Novemba 2017 nyambizi ya Argentina, ARA San Juan, ilipotea na watu 44, baada ya nahodha kuarifu kwamba maji ya bahari yameingia kupitia njia ya hewa hadi kwenye betri na kuleta hitilafu ya umeme. Wale walikuwa wanamaji wenye mafunzo. Wewe na mimi tuna haki gani ya kufanya uzembe?

Ndiyo maana nasema amua kwanza betri itakaa wapi, na jibu ni nje ya chumba unachovutia pumzi. Aina yake hufuata. Mimi nimechagua betri kavu za risasi ambazo asidi yake imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo, kwa kuwa hazimwagiki zikiinama, ingawa nazo hutoa gesi zikichajiwa kupita kiasi. Ukipenda lithiamu, chukua ya fosfati ya chuma, si seli za kompyuta kuukuu zinazoweza kuwaka kwa moto usiozimika kwa kufungiwa hewa. Kumbuka pia kwamba kidhibiti chake, yaani saketi inayoilinda betri, huweza kukata umeme wote ghafla. Kwa hiyo uzito unaodondoshwa ili chombo kipande juu lazima uachiwe kwa mkono, si kwa swichi.

Betri zangu sasa hukaa katika mabomba mawili ya chuma chini ya tumbo la chombo, na huyafungua kila ninapochaji. Kabla ya kutia betri niliweka gazeti kavu ndani ya kila bomba, nikalifunga na kulishusha kwa kamba mita 10, mara mbili ya kina ninachokwenda, likalala huko usiku mzima. Mara mbili za mwanzo gazeti lilitoka na doa la maji pembeni, nikabadilisha mpira wa kifuniko. Mara ya tatu karatasi ilikuwa kavu, ikitoa mlio nilipoikunjua, na ndipo nilipokwenda kununua betri.