Barua ya Udahili Mkononi, Maswali Kibao

Mara hii wengi walioandika ni wale ambao chuo kimeshawakubali, na wachache ambao tayari wako madarasani ng'ambo. Barua zimefupishwa.

Chuo kimoja cha Uingereza kimenikubali "kwa masharti". Naweza kuomba viza kwa barua hii? (Msomaji anayesubiri matokeo)

Bado. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza huombwa kwa CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekukubali kusoma, na chuo hakiitoi mpaka masharti yatimie. Kwa kawaida masharti hayo ni matokeo ya mwisho, alama za mtihani wa Kiingereza, na mara nyingi malipo ya awali ya ada. Usikae unasubiri karatasi yenye muhuri. CAS ni namba tu, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, ikiambatana na maelezo yako yaliyomo kwenye mfumo wa uhamiaji. Hudumu miezi 6 na hutumika mara moja. Ukinyimwa viza, chuo kitalazimika kukupa nyingine, na si vyuo vyote hufanya hivyo kwa moyo mkunjufu.

Kabla ya kuitumia, soma kila mstari. Jina lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, hata kama vyeti vyako vimeandikwa vingine. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti ziwe sahihi. Halafu tazama ada: je, kiasi ulichokwisha kulipa kimeandikwa? Hapa ndipo watu wanapoumia. Malipo yasipoonekana, afisa anaweza kuhesabu kwamba bado unadaiwa ada nzima, na fedha zako benki zikaonekana pungufu. Mwombe mtu wa udahili asahihishe kwanza, ndipo uombe viza.

Kingine: matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2. Aliyefanya mtihani mapema mno huweza kukuta yamepitwa na wakati siku ileile anayoyahitaji.

Baba ndiye anayenilipia. Fedha zipo kwenye akaunti yake, nyingine zitaingia wiki ijayo baada ya kuuza shamba. Kuna tatizo? (Mwombaji wa viza)

Inategemea nchi unayokwenda, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Uingereza wanahesabu siku. Kwa anayetakiwa kuonyesha ushahidi wa fedha, ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza pamoja na gharama za kuishi, kwa miezi isiyozidi 9, lazima vikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe uliyotuma maombi. Neno la kushika hapo ni "mfululizo". Tuseme unatakiwa kuonyesha pauni 20,000 na salio ni 20,150. Siku ya 19 benki inakata makato ya pauni 200, salio linashuka hadi 19,950, na kesho yake baba anajazia. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, lakini hesabu imevunjika na siku ya kwanza inaanza upya pale salio lilipotimia tena. Kwa hiyo fedha za shamba zikiingia wiki ijayo, hesabu yako inaanza wiki ijayo. Weka ziada ya kutosha kumeza makato na kupanda na kushuka kwa sarafu, kisha akaunti hiyo isiguswe na mtu.

Akaunti ya mzazi inakubalika, ila uambatanishe cheti cha kuzaliwa kinachomtaja na barua yake ya kuridhia fedha zitumike kwa masomo yako. Ya mjomba, shangazi au kaka haikubaliki, hata kama ndiye aliyekulea, isipokuwa awe mlezi wako kisheria na karatasi zipo. Mjomba mwenye nia njema ahamishie fedha kwenye akaunti yako au ya mzazi mapema, siku 28 zihesabike humo.

Marekani hawana hesabu ya siku 28. Kiasi kimeandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa baada ya kuona ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza. Afisa wa viza atataka kujua zimetoka wapi. Shamba limeuzwa? Beba mkataba wa mauzo. Salio kubwa lililotua juzi bila maelezo linatia shaka kuliko salio dogo linaloeleweka. Usisahau ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350: hulipwa kabla ya usaili, na haiko ndani ya ada ya kuomba viza.

Ujerumani njia inayotumiwa na wengi ni Sperrkonto, akaunti ambayo fedha zako zinazuiwa na kutolewa kidogo kidogo. Tangu Septemba 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Kosa la kwanza ni kutuma kiasi kamili: benki za katikati hukata chao njiani, zinafika euro 11,870, na hati ya uthibitisho haitoki. Tuma na ya juu. Kosa la pili halisemwi sana. Hizo 992 hazianzi kutoka siku unayoshuka kwenye ndege. Unahitaji kwanza kukamilisha taratibu za akaunti ukiwa huko, mara nyingi pamoja na kufungua akaunti ya kawaida, na mwenye nyumba naye anaweza kisheria kudai amana ya hadi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu huduma. (Sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, wengi hawajui, na wenye nyumba hawana haraka ya kuwaambia.) Uwe na fedha za mwezi wa kwanza na amana nje ya Sperrkonto.

Nipo Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, muhula wa kwanza. Somo moja limenishinda kabisa, nataka kuliacha ili lisiniharibie wastani. Nina krediti 12. (Mwanafunzi wa shahada ya kwanza)

Usibonyeze kitufe cha kuacha somo leo. Krediti 12 ndiyo idadi ya chini kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa muhula. Ukiacha somo la krediti 3 unabaki na 9, na kama ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijaidhinisha kabla, umevunja masharti ya ukaaji. Mfumo wa usajili wa chuo hautakuzuia. Utakuruhusu uache, utakupa hata ujumbe wa kukuthibitishia, kwa sababu kitengo cha usajili hakishughuliki na mambo ya uhamiaji.

Nenda kwa afisa anayesimamia I-20 yako, yule wanayemwita DSO. Anaweza kukupunguzia mzigo kwa sababu za kimasomo zilizotajwa kwenye kanuni: ugumu wa awali wa lugha ya Kiingereza au wa kiasi cha kusoma kinachotakiwa, kutozoea ufundishaji wa Marekani, au kupangiwa somo la kiwango kisichokufaa. Hata hivyo unatakiwa ubaki na krediti 6 au zaidi, na ruhusa hiyo ni mara moja tu kwa kila ngazi ya masomo. "Nitapata alama mbaya" si sababu. "Sikuzoea mfumo, na mwalimu wangu anathibitisha" ni sababu. Kama unaumwa, njia ni nyingine: barua ya daktari, na punguzo linaweza kufika hadi krediti sifuri, kwa jumla ya miezi isiyozidi 12 katika ngazi hiyo.

Jambo ambalo wengi huliona geni: kwa upande wa uhamiaji, kufeli somo ulilolihudhuria ni afadhali kuliko kuliacha bila ruhusa. Ukipata F bado ulikuwa umesajiliwa krediti 12. Wastani utaumia, na ufadhili kama unao unaweza kuyumba, lakini ukaaji wako haujaguswa.

Na usijaribu kuziba pengo kwa masomo ya mtandaoni. Katika krediti 12 hizo, somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, ndilo linalohesabiwa.

Saa 20 za kazi kwa wiki: naweza kufanya 30 wiki hii na 10 wiki ijayo? (Yupo Uingereza)

Hapana. Hakuna kuweka wastani. Wiki ni Jumatatu hadi Jumapili, na kila wiki ya muhula inasimama peke yake. Ukiwa na waajiri wawili, saa zinajumlishwa. Kujiajiri pia kumekatazwa, na hapo wanaanguka wengi wasiojua: kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kujiajiri.

Marekani mwaka wa kwanza unafanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20. Ujerumani tangu 2024 wanahesabu siku: 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka. Weka daftari lako mwenyewe, maana mwajiri hajui ulifanya kazi wapi kwingine.

Viza yangu ya Marekani kwenye pasipoti inaisha Machi, masomo yanaisha Juni. Nirudi nyumbani kuihuisha? (Mwaka wa mwisho)

Viza ile ni ya kuingilia. Kilichoandikwa kwenye rekodi yako ya kuingia nchini, I-94, pamoja na I-20 iliyo hai, ndicho kinachoamua ukae mpaka lini. Ipakue I-94 mtandaoni uisome. Ukitoka nje ya nchi baada ya Machi ndipo utahitaji viza mpya ya kurudia, na saini ya safari kwenye I-20 isiwe imezidi mwaka. Walioko Uingereza wasijilinganishe na jibu hili. Kwao ruhusa ya kukaa ikiisha, imeisha. Maombi ya kuongeza hutumwa kabla ya tarehe hiyo.

Kijana wangu amepata wakala anayesema atamaliza kila kitu, hata taarifa za benki "atatengeneza". Tumwamini? (Mzazi)

Mzazi wetu, hapo kwenye "atatengeneza" mazungumzo yaishie. Nyaraka za kughushi zikigundulika, anayefungiwa ni kijana: Kanada miaka 5, Uingereza hadi miaka 10, na Marekani anaweza kuzuiwa maisha yake yote. Wakala atakuwa ameshahamia kwa mteja mwingine.

Wapo mawakala waaminifu, na kuna vyuo vinavyoorodhesha wanaowatambua kwenye tovuti zao; anzia huko. Hata kwa mwaminifu, maombi yote yafunguliwe kwa barua pepe ya kijana mwenyewe, na nywila awe nayo yeye. Wakala akitumia barua pepe yake, ujumbe wa chuo wa "leta waraka uliokosekana ndani ya siku 10" unafika kwake, na nyinyi mnaendelea kusubiri. Ada ya masomo nayo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa namba ya mwanafunzi, isipite mkononi mwa mtu. Kama wakala ameshawatumia barua ya udahili, kijana aiandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyo kwenye barua, aulize kama wanaitambua.