Nyie wa Modyuli Wani, skizeni kabla hamjamlipa mtu awaundie projekti

Nshachoka kunyamaza. Kila muhula mdogo wangu mmoja wa diploma ya ICT ananiletea laptopu, "kaka hebu niangalilie, inakataa", nafungua nakuta programu imepangwa vizuri kuliko ya mwalimu, nauliza huu mstari unafanya nini, kimya. ChatGPT ndo amesoma, yeye kabeba tu. Wallahi nawapenda lakini mnanipandisha presha.

1. Andikeni programu kwa kalamu. Mnajua fika karatasi ya mtihani ya Structured Programming ya KNEC haifanywi kwa mashine, ni wewe na kalamu na jasho la Mombasa, hakuna mstari mwekundu wa kukwambia umesahau semikoloni. Chora jedwali la variabo, pitisha lupu raundi moja moja uone i imekuwa ngapi. Inachosha, najua.

2. Kwa lugha ya C, array (orodha ya data) inaanzia 0, scanf ya kusoma namba inataka &, = si ==, na 5/2 kwa int (namba nzima) ni 2 wala si 2.5. Haya manne yakikaa kichwani nusu ya simu mnazonipigia usiku zitakwisha.

3. Projekti usinunue. Hapa nitakaa kidogo manake hii ni aibu yangu mwenyewe. Pesa za mkopo wa HELB ziliingia nikajiona tajiri, nikampa kijana mmoja wa saiba Mwembe Tayari aniundie mfumo wa kusajili wageni wa gesti, Visual Basic mbele kwa fomu, Access nyuma kwa kuhifadhi data. Akaniletea kwa flashi, fomu zina rangi, batani zinang'aa, mie nikaridhika, kazi yangu ikawa kukariri maelezo kama qasida. Siku ya kupresenti nimechomekea, tai ya kuazima. Yule mwalimu wa nje aliyekuja kusahihisha hakuuliza flochati wala nini, akasema haya nisajili mimi, nimekuja kulala. Akaingiza jina, akaingiza namba yake ya simu, sevu, kisha akafungua orodha ya wageni. Namba yake inaanza na 7.

"Kijana, sifuri yangu iko wapi?"

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Nikamwambia labda mashine imeshika joto. Jamani! Mashine imeshika joto ikala sifuri! Akaingiza tena, mara hii kwa 254, mfumo ukatupa erro ukajifunga kabisa. "Haya rekebisha, nakungoja." Nikafungua ndani, na ndo kwanza nilikuwa naiona hiyo kazi "yangu", naskroli juu, naskroli chini, nagusa gusa maus ili nionekane nafanya kitu, wenzangu nyuma wanakohoa kohoa, mwalimu wangu mwenyewe kainama anaangalia viatu vyake.

Na tatizo lenyewe dogo mpaka linaudhi. Yule kijana safu ya simu aliiweka iwe Number, Long Integer. Namba haina haja na sifuri ya mbele, inaitupa. Afu Long Integer ya Access mwisho wake ni 2,147,483,647, sasa ukianza na 254 ukaongeza tarakimu tisa hiyo ni zaidi ya bilioni 254, itaingia wapi? Ilitakiwa iwe Text tu. Simu na simu hazijumlishwi, yale ni maandishi yamevaa nguo za hesabu. Mtu aliyeunda mwenyewe, hata vibaya, angejua pa kugusa. Nikarudia projekti, mamangu nikamdanganya ati ratiba imebadilishwa, na mpaka leo kuna watu Tudor wananiita Sifuri.

Na nyie wa ChatGPT msijione wajanja, huyo ni yule yule kijana wa saiba ila hachaji. Mwambie akueleze, funga, afu andika mwenyewe.

4. Flashi moja si hifadhi, ikishapita saiba mbili inarudi imejaa shortcut za virusi. Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, iko tangu 2005, Torvalds aliiunda kwa kazi ya Linux, ni bure, na bado mtu ana faili inaitwa "final", nyingine "final2", nyingine "final ya ukweli".

5. Netwaki. Mnakariri tabaka saba za OSI, ule mfano wa jinsi data inavyosafiri, na huku mnaishi mji ambao kebo za intaneti za baharini zenyewe zinatokea nchi kavu, SEACOM na TEAMS zilikuja 2009, EASSy 2010, na hakuna hata mmoja wenu ashajiuliza video anayoangalia inapita wapi. Siku moja kaa Lighthouse na mihogo yako, piga tracert, ile amri ya Windows ya kuonyesha njia ya data, kwa tovuti ya Ulaya, tazama milisekunde zinaruka ghafla wapi. Huko ndo kwenye safari ndefu.

6. Atachimenti. Fundi hatakuuliza OSI, atakupa kebo na koleo la kubana. T568B, mpangilio wa rangi za nyaya, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ndiyo, kijani imetenganishwa makusudi, msinipigie kuniambia nimekosea.

Jumamosi baada ya adhuhuri nipo nyumbani. Anayetaka kujifunza kubana aje na kebo yake na vichwa vyake vya RJ45, aje navyo vingi, manake vya kwanza vyote mtaharibu na vyangu sigawi.