Bwana Shamba, Bibi Shamba au Afisa Kilimo?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanamke na kazi yangu ni ugani wa kilimo. Mlangoni mwa ofisi niliyopangiwa nimekuta kibao kilichoandikwa "BWANA SHAMBA". Wakulima wengine huniita bibi shamba, wengine bwana shamba vilevile, na juzi nimeletewa mwaliko wa mkutano wa kijiji unaoanza kwa "Bwana Shamba, salaam". Je, kwa Kiswahili sanifu cheo changu kiandikweje?
– Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, kibao hicho kiondolewe na kiandikwe kingine, "Afisa Kilimo" au "Afisa Ugani", kwa kufuata barua yako ya ajira.

Majina ya vyeo katika Kiswahili kwa kawaida hayabagui jinsia. Mbunge, mwenyekiti, waziri, hakimu, diwani na sheha wote "wamefika", wawe wanaume au wanawake. Ndiyo maana Anne Makinda alipochaguliwa kuwa Spika wa Bunge la Tanzania mwaka 2010, wabunge waliendelea kusema "Mheshimiwa Spika" kama walivyokuwa wakimwambia Samuel Sitta aliyemtangulia. Na Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, neno Rais halikuongezwa wala kupunguzwa herufi hata moja. Wafaransa hawana wepesi huo: Oktoba 2014 mbunge Julien Aubert alikatwa sehemu ya posho yake kwa kung'ang'ania kumwita kwa umbo la kiume mwanamke aliyekuwa akiongoza kikao cha Bunge.

Kasoro yetu imo katika vyeo vinavyotanguliwa na neno bwana: bwana shamba, bwana afya, bwana mifugo, bwana jela. Neno hilo lilikuwa la kumheshimu mtu, lakini kwa kuwa walioshika kazi hizo zamani karibu wote walikuwa wanaume, liliganda kwenye kazi yenyewe hata likaonekana kuwa sehemu ya cheo.

Mkulima anayekuja na jani la mhindi lililotobolewa na viwavijeshi, akaita "bibi shamba!" tangu barabarani, asisahihishwe, maana hiyo ni heshima yake kwako na imetoka moyoni. Katika maandishi ya ofisi, hata hivyo, sishauri neno hilo. Barua huandikiwa ofisi, na ofisi leo ni yako, kesho ni ya mwingine. Mwandishi asilazimike kuulizia kwanza kama aliyepo ni mwanamume au mwanamke. Isitoshe, bibi kwa wasomaji wengi ni mama wa mzazi, na afisa aliyemaliza chuo mwaka jana hastahili kuzeeshwa na cheo chake. Wingi nao unasumbua: tangazo litaje "mabwana shamba na mabibi shamba" wakati "maafisa kilimo" inatosha?

Vivyo hivyo, kuandika "waziri mwanamke amezindua daraja" ni kuongeza neno lisilo na kazi. Lina kazi pale uanamke wenyewe unapokuwa habari, kama tunaposema Rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania, au pale kiti kilipotengwa kisheria, kama vile viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti nchini Kenya.

Mwaliko wa kijiji nao uanze "Ndugu Afisa Kilimo". Ndugu ni neno tulilolizoea kwenye mikutano na barua zetu kwa miaka mingi, na halijapata kuuliza anayeitwa ni wa jinsia gani.