Kwa nini juu ya dhahabu, si kwenye chupa?
Umeuliza kwa nini wanaotengeneza kanda za grafini (vipande vyembamba vya tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja) wasichanganye tu kemikali kwenye chupa. Kwenye chupa molekuli hugongana kila upande, na ukanda mrefu wa grafini hauyeyuki kirahisi. Dhahabu huzilaza zote bapa, tena yenyewe ni kichocheo, yaani huharakisha mmenyuko. Mwaka 2010 watafiti wa Uswisi na Ujerumani walivukiza molekuli zenye bromini ndani ya ombwe (nafasi isiyo na hewa), zikatua juu ya dhahabu safi. Kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi bromini hung'oka. Molekuli huteleza, hukutana, hushikana mnyororo. Joto likifika 400, haidrojeni hutoka na unabaki ukanda wenye upana wa atomi 7 za kaboni, kingo zimenyooka. Inapendeza mno! Kazi ngumu ni kuuhamisha: dhahabu hupitisha umeme, kwa hiyo transista (swichi ndogo ya umeme) ya ukanda huo haiwezi kufanya kazi ukanda ukiwa bado juu yake.