Kabla hujanunua Cobra ya kuiga

Ukiona Cobra ya kuiga, yaani nakala ya lile gari la michezo la zamani, inauzwa hapa Uingereza, tangazo limezeeka na bei inazidi kushushwa, usidhani lazima gari ni bovu. Wanunuzi ndio wameadimika. Wengi walioliota gari hili utotoni sasa wana magoti mabovu, na watoto wao hawana gereji wala hamu nalo. Ninalo langu, na bado nalipenda, ila sidanganyiki kuhusu bei.

Cobra halisi ilizaliwa mwaka 1962, Mmarekani Carroll Shelby alipotia injini ya V8 ya Ford kwenye gari jepesi la kampuni ya AC ya Uingereza. Yalitoka takriban elfu moja tu. La kwanza kabisa liliuzwa mnadani dola milioni 13.75 mwaka 2016, basi sisi wengine tukaishia kwenye bodi za faiba. Zamani ulinunua mkweche wa Jaguar au Ford Sierra, ukang'oa ekseli na usukani, ukajijengea. Mikweche hiyo imeliwa na kutu. Na tangu 2009 kuna IVA, ukaguzi wa serikali ambao gari la kujijengea lazima lipite kabla ya kusajiliwa, unaopima hata ukali wa kingo za bodi.

Kwa hiyo usinunue mradi ulio kwenye maboksi, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Tafuta lililokwisha kusajiliwa. Anza na kadi ya gari: ikiwa imeandikwa Sierra na wewe unatazama Cobra, halikusajiliwa upya baada ya kujengwa; aga uondoke. Namba inayoanza na Q, wanayopewa magari ambayo umri au asili yake haijulikani wazi, haina ubaya barabarani, ila huwezi kuificha kwa namba binafsi, na siku ya kuuza utaulizwa.

Kisha lala chini. Rangi isikupumbaze, gonga mabomba ya chesisi kwa bisibisi nyuma ya magurudumu, maana maji hutuama humo na kutu huanzia ndani. Fungua milango utazame bawaba: nyufa nyembamba kama utando wa buibui ni dalili kwamba faiba imechoka kubeba uzito.

Dai daftari la ujenzi. Kampuni nyingi zilizouza bodi hizi zimefungwa, hakuna wa kumpigia simu. Mmiliki wa kwanza wa gari langu aliandika kwa penseli namba ya kila spea. Bila yeye nisingejua brekipedi za nyuma ni za Jaguar gani.

Kwenye bima, omba thamani ya makubaliano, yaani kiasi mnachokubaliana mapema kuwa utalipwa gari likipotea, na upeleke picha. Wasipokubali, tafuta wengine kabla hujalipa muuzaji.