Maswali ya Wasomaji: Apple au Windows katika Chumba cha Kurekodia?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Walukuba, Jinja, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi vikundi vya kaswida, kwaya za makanisa ya jirani na, mara mojamoja, wapigaji wa embaire, yaani marimba ya magogo, kutoka vijijini. Kompyuta yangu ya zamani ya Windows imeanza kutoa sauti zinazokatikakatika kila ninaporekodi maikrofoni zaidi ya nne kwa pamoja. Rafiki yangu mwenye studio Kampala ananisihi ninunue Apple kwa sababu, asemavyo yeye, sauti yake ni safi zaidi. Mpwa wangu anasema kufanya hivyo ni kutupa fedha. Akiba yangu inatosha kununua kompyuta ya mkononi ya Apple iliyotumika, yenye prosesa ya M1 na memori ya GB 8, au ya Windows iliyotumika pia, yenye memori ya GB 16, na katika njia hii ya pili nitabakiwa na fedha za maikrofoni mbili nzuri. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam, Ustadh. Rafiki yako hakosei kuipenda Apple, ila sababu anayoitoa si ya kweli. Usafi wa sauti huwa umekwisha kuamuliwa kabla sauti haijafika kwenye kompyuta: umeamuliwa na koo la mwimbaji, na chumba, na maikrofoni na mahali ulipoisimamisha, na kile kifaa cha sauti kinachoigeuza sauti kuwa tarakimu. Zikishakuwa tarakimu, kompyuta hizo mbili huandika tarakimu zile zile katika faili la aina ile ile, na hakuna sikio litakaloweza kuzitofautisha.

Sifa ya Apple katika kazi hii ina historia yake. Programu ya Pro Tools, ambayo studio nyingi kubwa za Marekani na Uingereza zilikuja kuitegemea, ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mafundi waliojifunzia huko waliwafundisha wenzao huko huko. Kwa upande wa Windows, njia ya sauti iliyokuwa ndani ya mfumo wenyewe ilichelewesha sauti mno, hata mwimbaji akawa anajisikia nyuma ya wimbo wake, mpaka kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilipoleta mwaka 1997 utaratibu uitwao ASIO, unaoiwezesha programu ya kurekodi kuzungumza na kifaa cha sauti moja kwa moja. Apple nayo iliuweka utaratibu wake, Core Audio, ndani ya mfumo wenyewe. Ndiyo maana hadi leo vifaa vingi vya sauti hufanya kazi mara tu unapovichomeka kwenye Apple, ilhali kwenye Windows mara nyingi hukulazimu kwanza uweke draiva, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa, kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kifaa chako. Tofauti hii ni ya kweli, na ningependa tukae nayo kidogo, kwa maana nashuku kwamba chanzo cha ule mkatiko wako kimo humo.

Fikiria ndoo iliyowekwa chini ya bomba ambalo halifungwi. Maji ni sauti inayoingia, na kompyuta ni mtu anayepita kila baada ya muda kuimwaga ndoo ndani ya pipa. Akichelewa mara moja tu, maji humwagika, na tone hilo lililopotea ndilo unalolisikia kama mkatiko. Ndoo hiyo katika programu huitwa bafa, na ukubwa wake unaupanga wewe mwenyewe. Bafa ya sampuli 128 (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti kilichogeuzwa kuwa tarakimu), unaporekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hujaa katika muda wa milisekunde 2.7, ambao ni mfupi sana. Bafa ya sampuli 1,024 hujaa katika milisekunde 21, muda ambao sauti hewani huwa imesafiri mita 7 hivi. Mwimbaji anayejisikia kupitia kompyuta kwa ucheleweshaji wa namna hiyo huyumba, lakini kikundi cha kaswida kinachoimba pamoja chumbani, kila mmoja akimsikia mwenzake na dufu kwa masikio yake mwenyewe, hakidhuriki hata kidogo na bafa kubwa. Wewe hurekodi watu wengi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo panua bafa unaporekodi, na uipunguze pale tu unapomrudia mwimbaji mmoja mwenye vipokea sauti masikioni.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, pakua draiva rasmi ya kifaa chako cha sauti, uondoe ile ya jumla, ikiwa uliwekewa. Zima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Katika mpangilio wa umeme wa Windows chagua utendaji wa juu, ili prosesa isisinzie katikati ya ubeti. Na uangalie kama diski imekaribia kujaa. Nimekwisha kuona kompyuta zilizohukumiwa kufa zikirudi kazini kwa hatua hizo nne tu. Kurekodi kwenyewe si mzigo mkubwa: maikrofoni nane kwa biti 24 na sampuli 48,000 hujaza GB 4 na kidogo kwa saa nzima, na hata diski ya kawaida inayozunguka hustahimili mwendo huo. Kinachoielemea kompyuta ni kuchanganya sauti baadaye, unapoweka mwangwi na plagini nyingine (programu ndogo za kuongeza athari au ala) juu ya kila njia, yaani sauti ya kila maikrofoni.

Tuseme hatua hizo zimeshindikana na ni lazima ununue. Hapo swali la kwanza ni la programu na la watu unaobadilishana nao kazi. Logic Pro hufanya kazi kwenye Apple peke yake, tangu Apple ilipoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002 na kuliacha toleo la Windows. FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997, kwa miaka mingi ilikuwa ya Windows, na toleo la Apple lilikuja mwaka 2018 tu. Ndiyo maana maprodyuza wengi vijana niliokaa nao hapa nchini mikono yao imezoea Windows. Cubase, Pro Tools, Ableton Live na Reaper zipo kwa pande zote mbili. Iwapo rafiki yako wa Kampala ndiye atakayekuchanganyia nyimbo na anatumia Logic, hutaweza kumfungulia kazi yake ukiwa na Windows, wala yeye hataweza kuifungua yako ikiwa katika programu asiyokuwa nayo. Hata hivyo mnaweza kupelekeana kila njia peke yake kama faili la WAV, ambalo ni faili la kawaida la sauti, zote zikianzia sekunde ya kwanza ya wimbo, na mimi hupendelea utaratibu huo hata kati ya watu wenye programu moja, kwa sababu faili la WAV litafunguka hata baada ya miaka ishirini.

La pili ni memori. Katika Apple ya M1 memori na diski vimeunganishwa kabisa na bodi, hivyo GB 8 unazonunua leo ndizo utakazofia nazo. Prosesa hiyo, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, ni hodari sana na hula umeme kidogo, na kwa mtunzi anayefanya kazi peke yake kwa gita na sauti ingemtosha vizuri. Kompyuta nyingi za Windows zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi zina mfuniko unaofunguliwa kwa bisibisi, na fundi wa Jinja anaweza kukuongezea memori au kukubadilishia diski siku hiyo hiyo.

La tatu ni umeme, na hapa nina neno ambalo wauzaji hawalisemi. Kati ya kompyuta ya mkononi na ile ya mezani kuna tofauti kubwa zaidi, kwa sisi tunaoishi na umeme unaokatika, kuliko kati ya Apple na Windows. Niliwahi kurekodi kwaya moja kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, na umeme ukaondoka katika ubeti wa mwisho wa wimbo ambao wanakwaya walikuwa wameufanyia mazoezi kwa miezi miwili. Faili halikufunguka, na nusu ya waimbaji walikuwa wamekwisha kuondoka kuwahi gari. Sitaki yakukute. Kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri yake, lakini kumbuka kwamba kifaa cha sauti chenye matundu manane kwa kawaida hutaka umeme wake wenyewe kutoka ukutani, kwa hiyo nunua UPS ndogo, yaani betri inayoendelea kutoa umeme unapokatika, kwa ajili ya kifaa hicho peke yake.

Kwa kazi uliyoieleza, Ustadh, chukua ile ya Windows yenye GB 16 na maikrofoni mbili. Embaire ina magogo marefu, na wapigaji wake hukaa pande zote mbili. Maikrofoni moja haiwezi kuitendea haki, na hakuna prosesa itakayorudisha sauti ambayo maikrofoni haikuidaka. Anza na Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu kikamilifu kwa siku 60, kisha leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani. Nakuomba kwa dhati ujiepushe na programu zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwa flashi. Mara nyingi huja na virusi, na zaidi ya hapo, Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inayoilinda kaswida ya wanafunzi wako ndiyo hiyo hiyo inayoilinda kazi ya mwandishi wa programu.

Endapo bado moyo wako unavutwa na Apple, usilipe kabla muuzaji hajaifuta kompyuta mbele ya macho yako na kuiwasha upya mpaka mwisho. Kompyuta iliyobaki imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani haitakufaa kitu.

SWALI: Ninarekodi nyimbo za adungu, yaani kinubi chetu, hapa Arua kwa MacBook Pro ya mwaka 2012 inayotumia mfumo wa Mojave. Kila siku ninaona tangazo la kuboresha mfumo, na tovuti nyingine zimeanza kukataa kufunguka. Je, niboreshe, au nihamie Windows kabisa?

JIBU: Usiboreshe leo. Mfumo unaofuata Mojave ni Catalina wa mwaka 2019, na tangu hapo Apple iliacha kuzitambua programu za biti 32. Kama una plagini za zamani, zitanyamaza zote kwa pamoja, na nyimbo zilizozitumia zitafunguka zikiwa na mapengo. Fungua taarifa za mfumo, tazama orodha ya programu, na ujue ni zipi za biti 64. Kisha tengeneza nakala kamili ya diski kwenye diski ya nje, na utoe kila njia ya kila wimbo unaouthamini kama faili la WAV pamoja na athari zake. Baada ya hayo unaweza kuamua kwa utulivu. Mimi ningeiacha kompyuta hiyo kama ilivyo, iwe ya kurekodia tu, isiyoingia kwenye intaneti, na tovuti ningezifungulia kwenye simu.

Kuhamia Windows hakutakuepusha na jambo hili. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Ukienda kununua iliyotumika, uliza kizazi cha prosesa: kwa zile za Intel, kwa ujumla, anzia kizazi cha 8. Muuzaji akikuonyesha Windows 11 inayofanya kazi kwenye mashine ya zamani zaidi ya hapo, ujue imelazimishwa, na huenda siku moja ikakosa maboresho.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mbarara. Sina fedha ya programu yoyote. Nimesikia kwamba Linux, mfumo mwingine wa kompyuta kama Windows, ni ya bure. Inafaa kwa kurekodi muziki?

JIBU: Inafaa kwa kurekodi na kuchanganya sauti, na kuna mkusanyo uitwao Ubuntu Studio unaokuja na programu ya kurekodi ya Ardour ikiwa tayari ndani yake. Reaper pia ina toleo la Linux. Utakachokosa ni plagini nyingi za kulipia na ala za kompyuta, ambazo kampuni zake hutengeneza kwa ajili ya Windows na Apple tu. Basi ikiwa muziki wako ni wa kutengeneza midundo kwa ala za aina hiyo, utachoka mapema. Kabla ya kununua kifaa cha sauti, hakikisha ni cha USB na hakihitaji draiva maalumu, kwa kuwa kampuni nyingi haziandiki draiva za Linux. Na huna haja ya kuifuta Windows uliyo nayo: weka Ubuntu Studio kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, iwashe kompyuta kutoka humo, chomeka maikrofoni, na urekodi wimbo mmoja kabla hujaamua.