Dawa kwa kompyuta: je, laptopu inatosha bila maabara?

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye shahada ya famasia anaweza kufanya uzamili wa utafutaji dawa kwa kompyuta akiwa na laptopu tu, bila kugusa maabara. Kuanza, utaanza. AutoDock Vina, programu ya dokingi (kukadiria molekuli itakaaje kwenye protini na itashika kwa nguvu gani), ni ya bure, maumbo ya protini unayapakua bure kutoka Protein Data Bank, na protini ambayo umbo lake halijapimwa mara nyingi unapata makadirio yake kwenye AlphaFold, mfumo wa akili bandia unaokisia maumbo ya protini. Wiki mbili tu na una picha za kupendeza za kuweka kwenye ripoti. Mimi niliumia hapohapo.

Nilipitisha molekuli elfu kadhaa kwenye kimeng'enya kimoja. Iliyoshika namba moja ilikuwa na alama ya -11.4 (ikizidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo programu inavyodhani molekuli inashika zaidi), nikatembea kifua mbele mwezi mzima. Msimamizi akaniuliza: "Ile molekuli iliyokuja ndani ya faili la umbo la protini, imeshika kimeng'enya, ukiitoa ukairudisha, inakaa palepale?" Sikuwa nimejaribu. Kuirudisha, ikakaa kichwa chini miguu juu. Wakati wa kusafisha faili nilifuta kila kisichokuwa protini, pamoja na ayoni ya zinki iliyokuwa ndani kabisa ya mfuko wa kimeng'enya ambamo molekuli hukaa, na zinki ndiyo iliyokuwa ikiishikilia. Kazi ya miezi mitatu ikaenda na maji. Siku hizi naanza na jaribio hilo, na molekuli ikikaa mbali na pale ilipokuwa kwa zaidi ya angstromu 2 (kipimo cha urefu cha kiwango cha atomu) siendelei.

Nikarudia. Mwanakemia mmoja akakubali kutupimia molekuli tano. Mbili hazikuyeyuka kabisa, unga ukatuama chini ya tyubu kama chokaa. Kompyuta haikukosea, hakuna aliyeiuliza kama kitu kile kinayeyuka. Moja ilizuia kimeng'enya, kwa udhaifu, na ndiyo iliyonipa makala ya kwanza.

Kasome habari za dorzolamide, dawa ya presha ya macho ya miaka ya 1990. Nayo hujishikiza kwenye zinki ya kimeng'enya, na waliitengeneza wakitazama umbo la protini, lakini wanakemia walikuwa pembeni wakiunda na kupima kila toleo.

Famasia yako isikutie unyonge mbele ya watu wa kompyuta. Wenzangu waliotoka huko walinizidi mbali kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ila waliitazama esta (aina ya kiungo cha kikemia ndani ya molekuli) bila kushtuka kwamba vimeng'enya vya mwilini vinaweza kuikata kabla dawa haijafika popote. Hilo wewe unaliona kwa jicho. Linux, mfumo unaoendesha seva za kazi hii, utajifunza, japo anza mapema, maana huko unaandika amri, hakuna kitu cha kubofya.

Kuhusu ajira ya chuoni: majarida mengi mazuri hayapokei tena makala ya dokingi tupu, isiyo na vipimo vya maabara, na bila makala hupandi cheo. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi, muulize msimamizi ni nani atakayepima molekuli zako. Akikujibu "tutaona huko mbele", mimi ningetafuta mwingine.